Laini mbili za intaneti ofisini: jinsi ya kugawa trafiki bila kuwakata watu

Ukiwa na laini ya megabiti 100 kutoka kampuni moja na ya megabiti 50 kutoka nyingine, usitarajie laini moja ya megabiti 150. Malalamiko mengi huanzia hapo. Anayepakua faili moja atapita laini moja tu, na kasi yake itaishia kwenye uwezo wa laini hiyo. Faida utaiona watu 30 wanapofanya kazi kwa pamoja, wengine wakipita huku na wengine kule.

Kila mtoa huduma amekupa anwani yake ya IP, na seva unayowasiliana nayo inakutambua kwa anwani uliyoanza nayo. Pakiti (kipande cha data) ya katikati ikitokea laini nyingine, seva haiitambui na inaitupa. Ndiyo maana ruta hugawa miunganisho mizima, si pakiti mojamoja.

Hata hivyo, hilo peke yake halitoshi. Ukurasa wa benki hufungua miunganisho kadhaa kwa mpigo. Ikitawanyika kwenye laini mbili, benki inamwona mtu yuleyule akitokea anwani mbili, inashuku wizi na kumtoa. Mtumiaji anabadilisha nywila, anasafisha kivinjari, na bado anatolewa. Dawa ni kugawa kwa anwani ya chanzo, ili kompyuta moja ikae laini moja. Kwenye ruta za MikroTik, weka PCC (kanuni yake ya kugawa miunganisho) kwa src-address, yaani anwani ya chanzo, si both-addresses-and-ports, inayochanganya anwani na namba za milango za pande zote mbili. Kwa laini za 100 na 50, gawa kwa tatu: mafungu mawili, 3/0 na 3/1, yaende laini kubwa, na fungu la tatu, 3/2, liende ndogo. Mgawanyo hautakuwa sawasawa kabisa, maana kompyuta moja inaweza kula kuliko kumi, lakini tunaona ni heri hivyo kuliko mhasibu kutolewa katikati ya malipo.

Kwa ruta ya Linux, angalia pia rp_filter, kichujio kinachokagua kama pakiti imeingia kwa laini inayotarajiwa. Ikiwa 1, majibu yanayorudi kwa laini ya pili yanaweza kutupwa kimyakimya; weka 2.

Kosa tunalolikuta mara nyingi zaidi liko kwenye kupima uhai wa laini. Ruta inatuma ping (ujumbe mfupi wa kuuliza kama upo) kwa lango la mtoa huduma, yaani kifaa chake cha kwanza, lango linajibu, na laini inahesabiwa nzima hata kama faiba imekatika mbele zaidi. Dalili yake haifichiki: ikiwa ni laini kubwa, theluthi mbili ya ofisi haina intaneti, na waliobaki wanashangaa kelele ni za nini. Pima anwani ya mbali, kwa mfano 1.1.1.1 kwa laini ya kwanza na 8.8.8.8 kwa ya pili, na kila moja uifungie njia yake ili kipimo kisizungukie laini nyingine. Ping kila sekunde 10, na laini itangazwe imekufa baada ya kukosa majibu matatu mfululizo. Ukikata kwa kosa moja, laini yenye msongamano itakuwa inaingia na kutoka siku nzima.

Anwani hizo za kupimia usizitumie tena kwa DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP. Laini ya pili ikifa, 8.8.8.8 haifikiki kwa yeyote. Wala usitegemee DNS ya mtoa huduma mmoja, kwani nyingi hukataa maombi yanayotoka mtandao wa mwingine.

Simu za mezani za intaneti zina shida yake. Hutuma pakiti ndogo mara kwa mara ili muunganisho usifungwe, kwa hiyo laini ikifa ruta huendelea kuzishikilia kwa anwani ya zamani, na simu hazipati mlio ilhali kompyuta zinafanya kazi. Ruta iagizwe kufuta kumbukumbu za miunganisho ya laini iliyokufa papo hapo.

Tunapokuja kukufungia mfumo huu, tuandalie kasi ya kila laini iliyopimwa peke yake, kupakua na kupakia, pamoja na orodha ya mifumo inayokubali miunganisho kutoka anwani maalumu za IP tu. Na kama laini ya pili bado hujainunua, uliza kwanza waya wake unapita wapi. Faiba mbili zilizolazwa kwenye mtaro mmoja hukatwa pamoja.