Bingwa wa figo si daktari wa mashine tu

Mhariri,

Kila mnapoandika habari za madaktari bingwa wa figo, picha huwa ileile: daktari kasimama kando ya mashine ya kusafisha damu. Sina ugomvi na sifa mnazowapa. Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, tulifurahi, maana safari za India zimeuza mashamba na nyumba za watu. Lakini msomaji anabaki akidhani kwamba kwa daktari huyu mtu hupelekwa figo zikishakufa.

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya presha na kisukari, na wagonjwa wake wengi huanzia kwetu.

Wengi humchanganya na daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo, yule wa tezi dume na kutoa mawe. Bingwa wa figo ni wa magonjwa ya ndani. Husomea udaktari, hufanya mafunzo ya vitendo, husomea ubingwa, ndipo anaongeza ubobezi wa figo. Hata kwenye upandikizaji kisu si chake. Kazi yake ni kuamua nani anafaa kutoa na nani kupokea, kisha kusimamia dawa za kuzuia mwili usiikatae figo mpya, muda wote figo hiyo itakapokuwa hai.

Sehemu kubwa ya utaalamu wake haipigiki picha. Ni presha isiyoshuka hata kwa dawa tatu, mtoto anayeamka kavimba macho huku mkojo ukitoa povu, potasiamu inayopanda hadi moyo ukavuruga mapigo, damu inayopungua kwa sababu figo hazitoi tena homoni ya kuuambia mwili utengeneze nyingine. Ni yeye pia atakayekuuliza umemeza diklofenaki, dawa za maumivu za dukani zinazoweza kuumiza figo, kwa muda gani, nawe uliyezimeza kwa ajili ya mgongo ukakosa la kujibu.

Tunakoumia ni kwenye rufaa. Protini ikionekana kwenye mkojo, dalili kwamba huenda figo zinaumia, mgonjwa huambiwa apunguze chumvi na kurudi nyumbani. Kreatinini, taka ya damu inayopanda figo zikishindwa kuichuja, huongezeka kliniki hadi kliniki, na rufaa huandikwa akishaanza kutapika na kupumua kwa shida. Akifika hivyo huwekewa mpira shingoni wa kumuunganisha na mashine, mlango mpana wa maambukizi. Angefika mapema, angeunganishiwa mishipa ya mkono ili itumike kwenye mashine, akaiacha ikomae kwa wiki kadhaa kabla ya kuihitaji. Wengine wasingefika kwenye mashine kabisa, au wangefika miaka mingi baadaye. Na mashine si jambo la mara moja: kwa kawaida ni mara tatu kwa wiki, kwa muda wa karibu saa nne kila mara, na gharama yake wasomaji wenu wasio na bima wanaijua.

Kipimo cha kijiti cha mkojo, kinachoonyesha protini hiyo, ni rahisi, na majibu hutoka kwa dakika chache. Naomba mliandikie hilo ukurasa mzima, kama mnavyouandikia upandikizaji. Na mkimhoji tena daktari bingwa wa figo, muulizeni ni wagonjwa wangapi anaowatibu ambao hawajawahi kulala kwenye mashine, na walifikaje kwake mapema.

Muuguzi, Morogoro