Barua kwa Baba Zuhura: Kadi ya Tyuna na Ungo wa Futi Sita

Kijitonyama,
Dar es Salaam.

Baba Zuhura,

Assalaam alaykum. Natumai wote hamjambo huko Kigamboni, na Zuhura anaendelea vizuri na shule.

Umeniuliza ununue kadi gani ya tyuna ili kompyuta ya mezani ionyeshe chaneli za setilaiti. Nitakujibu, ila nikwambie mapema: kadi ndiyo sehemu nyepesi. Kinachowashinda wengi ni ungo, na hasa namna LNB, kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya ungo, inavyokaa, kwa sababu maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wa Ulaya. Wao setilaiti zote ziko kusini kwao, na LNB yao inageuzwa kidogo tu. Sisi tuko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Ukiwafuata neno kwa neno utakesha juani.

Tuanze na kadi. Kariakoo utaonyeshwa za mtumba za bei chee, zenye tundu la antena na matundu ya rangi ya sauti na picha. Ziache. Hizo ni za analogi, na matangazo ya analogi Dar es Salaam yalizimwa tarehe 31 Desemba 2012. Kadi iliyoandikwa DVB-T2 ni ya antena ya kawaida, nayo haihusiani na ungo. Unayotaka wewe ni DVB-S2, ambayo ni ya setilaiti. Ikiwa imeandikwa DVB-S peke yake, kama SkyStar 2 za zamani, haitaweza kusoma transiponda (mafungu ya chaneli ambayo setilaiti hurusha, kila fungu kwa masafa yake) za DVB-S2, na HD nyingi ziko huko. Tena hiyo SkyStar 2 inaingia kwenye tundu la PCI, na kompyuta nyingi za sasa hazina tundu hilo. Fungua kasha kwanza, utafute tundu fupi la PCIe x1 ambalo halijazibwa na kadi ya picha. Kampuni za TBS na TeVii zimetengeneza kadi za DVB-S2 za PCIe zinazofanya kazi Windows na Linux. Za USB zipo pia, lakini chukua yenye adapta yake ya umeme, maana USB peke yake haina nguvu ya kulisha LNB.

Jambo moja tusidanganyane: kadi haifungui chaneli za kulipia. DStv iko digrii 36 Mashariki (hiyo ni longitudo ya setilaiti juu ya ikweta), Azam iko digrii 7 Mashariki, na kadi yako itashika mawimbi yao vizuri kabisa, kisha skrini ibaki nyeusi kwa sababu yamefungwa. Mtu akikuuzia "namba za siri za kufungulia" kupitia intaneti, anakuuzia wizi, na siku mbili baadaye zinakufa. Sisi tunatafuta chaneli za bure, na kwa hizo ningekwenda digrii 68.5 Mashariki, Intelsat 20, kwenye C-band, yaani masafa ya karibu 4 GHz. Hiyo setilaiti ilirushwa Agosti 2012. Orodha ya chaneli iangalie kwenye tovuti ya LyngSat siku hiyo hiyo unayofunga, kwa kuwa chaneli huhamahama.

C-band inataka ungo wa futi sita, yaani sentimita 180. Ni mkubwa, lakini mvua za masika haziusumbui sana, wakati Ku, masafa ya juu zaidi, hukatika wingu zito likipita. Ungo wa wavu unafaa, kwani wimbi la 4 GHz lina urefu wa sentimita 7.5 na haliponyoki kwenye matundu madogo. Kwa Ku, ambayo wimbi lake ni sentimita 2.5, wavu wenye matundu makubwa unavujisha. Na kwa ule upepo wa bahari wa kwenu, wavu haubebi kishindo kama bati. Usinunue uliopindika. Vuta kamba mbili ukingoni zikatane katikati kama msalaba: zikigusana tu ungo uko sawa, zikiachana zaidi ya nusu sentimita umejipinda.

Bomba lazima lisimame wima. Weka pima maji pande mbili, upande wa mashariki na upande wa kaskazini, kabla zege halijakauka. Bomba likiinama digrii mbili tu, vipimo vyote nitakavyokupa hapa vinakuwa uongo.

Sasa LNB inakaa umbali gani kutoka katikati ya ungo? Usikisie, na usiamini kila urefu wa miguu ya kushikilia LNB uliyopewa dukani, maana miguu huchanganywa. Vuta kamba moja ukingoni, pima kina kutoka kwenye kamba hadi katikati. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, gawa kwa kina mara 16. Ungo wa sentimita 180 wenye kina cha sentimita 30: 32,400 ugawanye kwa 480, unapata sentimita 67.5. Huo ndio umbali kutoka katikati ya ungo hadi nusu sentimita ndani ya mdomo wa LNB. Kisha gawa 67.5 kwa 180, utapata 0.375. Ile pete ya duara inayozunguka LNB ina alama pembeni, iweke karibu na 0.38. Watu wengi huacha pete popote ilipo wakati wa kufunga, halafu wanalaumu kadi.

Kwa Dar es Salaam, setilaiti ya 68.5 iko digrii 78 kwenye dira, yaani mashariki ikiegemea kaskazini kidogo, na juu digrii 55 kutoka upeo wa macho. Kwa kulinganisha tu, ile ya 36 iko juu digrii 81, karibu utosini. Dira usiisomee jirani na bomba la chuma wala paa la bati. Rudi nyuma hatua tano, uweke alama mbili chini, unyooshe kamba kati yake, ndipo uelekeze ungo kwa kufuata kamba. Urefu wa juu upime kwa simu: laza ubao ulionyooka kwenye ukingo wa ungo kutoka juu hadi chini, weka simu juu yake. Simu itasoma digrii 35 kutoka usawa wa ardhi, kwa sababu 90 toa 55 ni 35. Wengi huweka 55 hapo na kuangalia pasipo na kitu.

Hapa ndipo penye kazi, soma taratibu. Setilaiti hutuma kwa polariti mbili, V (wima) na H (mlalo), na hizo zimepangwa kwa mhimili wa dunia, ambao hauhusiani na ukuta wa nyumba yako. Mtu aliye karibu na ikweta akiangalia setilaiti iliyo mbali upande wa mashariki, V ya setilaiti inamjia ikiwa imelala karibu kabisa. Kwetu, kwa 68.5, imelala digrii 76. Simama nyuma ya ungo ukiangalia kule ungo unakotazama, kisha geuza LNB digrii 76 kwa mwelekeo wa mishale ya saa kutoka wima, ukitumia alama ya 0 iliyochongwa kwenye LNB. Ukisimama mbele ya ungo, mwelekeo unageuka, ni kinyume cha mishale.

Ukiiacha wima? Hutakosa kila kitu, na hapo ndipo inapodanganya. Chaneli za V zitaonekana kama H na za H kama V, zenye nguvu zitashika na dhaifu zitakatika, nawe utaamini ungo haujapata setilaiti. Kwa hiyo ukiona kadi inashika kitu kwenye V ambacho LyngSat inasema ni H, usiguse ungo. Geuza LNB. Setilaiti ikiwa magharibi yetu, kama ile ya 7, LNB inageuzwa upande wa pili, pia karibu robo mduara.

Waya tumia RG6 wa shaba, wala usikubali RG59. Mita 30 za RG6 zinapoteza kama desibeli 10 kwenye mwisho wa juu wa masafa yanayoshuka na waya. LNB ya C-band ina namba 5150 (kwa megahezi; programu huiita LOF), na hesabu inakwenda kinyumenyume: 5150 toa masafa ya setilaiti. Transiponda ya 4200 inashuka na 950, ya 3400 inashuka na 1750. Kwa hiyo waya mbovu au mrefu unaua kwanza zile za namba za chini. Ukikosa za 3500 na 3600 huku za 4000 ziko safi, tazama waya na konekta kabla ya ungo. Chanzo kingine cha dalili hiyo ni minara ya 5G, kwani mingi inatumia masafa ya karibu 3500. Ukiwa jirani na mnara, nunua LNB iliyoandikwa 3700–4200 badala ya 3400–4200.

Konekta zifungwe na mtu mwenye macho. Uzi mmoja wa ile nyavu ukigusa waya wa katikati, umeme unaopanda kwenye LNB, volti 13 kwa V na 18 kwa H, unapigwa shoti, na kadi isiyo na kinga nzuri inaungua. Zima kompyuta na uchomoe plagi kabla ya kukaza waya kwenye kadi. Ukimaliza, washa, panda na mita, pima mwisho wa waya upande wa LNB: chaneli ya H isome karibu na 18. Ikisoma chini ya 17, waya una tatizo. Kisha zungushia utepe wa mpira unaojishika wenyewe, maana chumvi ya bahari huko kwenu inakula konekta kwa kasi ya ajabu.

Ukiwa Linux, andika dmesg | grep -i dvb na uangalie kama /dev/dvb/adapter0 ipo. Kadi ikionekana lakini haifunguki, mara nyingi faili la firmware, programu ndogo ya kuendeshea kadi, halipo kwenye /lib/firmware. Baada ya hapo weka programu ya Tvheadend, ifungue kwenye kivinjari kwa bandari 9981, chagua LNB ya aina ya C-Band, ongeza transiponda moja yenye nguvu kutoka LyngSat: masafa, V au H, simboli reti (kasi ya utumaji), na kama ni DVB-S au DVB-S2. Ukiwa Windows, programu ya ProgDVB au DVBViewer itatosha. Kote weka 5150 kwa sehemu zote mbili za LOF na uzime ishara ya 22 kHz. Namba za 9750 na 10600 zinazokuja zenyewe ni za LNB ya Ku.

Sasa geuza ungo polepole. Kadi inachukua sekunde kadhaa kushika, na mwali wa ungo huu una upana wa kama digrii 3. Sogeza sentimita moja na nusu ukingoni, ambayo ni karibu digrii moja, kisha subiri sekunde tano. Tumia namba ya ubora, siyo ya nguvu, kwa kuwa nguvu hupanda hata LNB ikiangalia jua. Hakikisha kitambulisho, maana 66 Mashariki kuna setilaiti nyingine, Intelsat 17, tofauti ya digrii mbili na nusu tu. Majina yakilingana na orodha ya LyngSat ya 68.5, ndipo ukaze nati, kidogo kidogo kila upande, ukiangalia ubora usishuke. Nati hupotosha ungo zaidi ya upepo.

Kurekodi: SD ya megabiti 4 kwa sekunde inakula kama gigabaiti 1.8 kwa saa, HD ya megabiti 8 kama 3.6. Umeme ukikatika katikati ya kurekodi, faili linabaki nusu, kwa hiyo UPS ndogo si anasa.

Usishtuke picha ikivunjika yote kwa dakika chache, saa nne hivi asubuhi, siku kadhaa kuzunguka tarehe 23 Machi na tarehe 20 Septemba. Jua linapita nyuma ya setilaiti. Siku hiyo nenda kwenye ungo uangalie kivuli cha LNB: kikianguka katikati ya ungo, ungo wako umeelekea sawasawa.

Ukipata namba za ubora, nitumie kwa WhatsApp za transiponda tatu: moja ya 3700 na kitu, moja ya 3900 na moja ya 4100, nikuangalizie kabla hujampa fundi mwingine hela. Nisalimie mama Zuhura.

Wako,
Baba Nasra.