Zipu ya kibaraza cha trela haifi yenyewe

Kila msimu wa kambi ukianza tu lazima aje mtu na lile lile, "fundi turubai lenu bovu, zipu imekufa safari ya kwanza". Wa karibuni kanambia waziwazi namwibia, eti zipu ananunua mwenyewe halafu mtu ashone tu, bei yote hiyo ya nini.

Haya sikilizeni. Trela ya kukunja, ile ya kambi inayofunguka ikawa hema, sio karavani ya bati, kuta zake zenyewe ni turubai, na kibaraza, kile chumba cha turubai cha nje ya mlango, unakiunga kwenye hilo hilo turubai, kwa hiyo trela ikikaa upande na kuta nazo zinavutika upande na mzigo wote unaishia kwenye zipu. Weka pimamaji kabla hujafungua chochote. Upande mmoja uko chini? Pandisha gurudumu la upande huo juu ya ubao, mbele na nyuma unarekebisha kwa kile kigurudumu cha mbele, piga handibreki, ndio ushushe miguu ya kwenye pembe. Miguu ile ni ya kutuliza trela isitikisike, SIO JEKI. Watu wanaizungushia mpaka tairi linataka kuachia ardhi, fremu inajipinda, halafu mlango haufungi na mimi ndio mwizi.

Sasa shotikati yenyewe wanayoipenda: kupiga vigingi huku milango ya kibaraza iko wazi, ili wapite na viti na majiko. Ukija kufunga jioni, pande mbili hazikutani, unavuta, meno yanaachana. Kuna jamaa alimalizia na koleo, akaniletea kile kichwa cha zipu kimebanwa bapa kabisa. Funga zipu zote kwanza, simamisha nguzo, kigingi anza na pembe, vingine baadaye, na kamba usikaze kama gitaa maana turubai la pamba likilowa linajivuta.

Kuhusu bei, zipu ile nafumua mshono mzima, nashona upya kwa mashine ya kazi nzito na uzi usiooza, naziba matundu ya sindano, halafu nalisimamisha turubai na kulimwagia maji kabla sijakupigia simu. Hapo sipunguzi. Anayeshona kwa cherehani ya nguo atakufanyia nafuu, mvua ikinyesha utarudi kwangu na nitafumua kazi mbili.

Na turubai jipya la pamba likidondosha matone kwenye mishono mvua ya kwanza sio bovu, lilowe likauke mara kadhaa nyuzi zivimbe zijibane. Usilifue na sabuni ya unga jamani! Mama mmoja alilifua likang'aa kweli, dawa ya kuzuia maji yote ikaenda na povu, ikabidi tulipake upya lote na hiyo ilimgharimu kuliko zipu.

Mkivunja kambi kwenye mvua sawa, kunjeni, ila mkifika tu lianikeni, siku mbili zinatosha kuota ukungu mweusi na ule hautoki. Nikiletewa limelowa silipokei, nalirudisha likaanikwe kwanza.