Rehema, usizifute zile nyimbo sita

Hull, Uingereza, Jumapili usiku

Mpendwa rafiki yangu Rehema,

Salamu nyingi sana. Natumaini wewe, mama na watoto wa dada yako nyote hamjambo. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila baridi ya huku imeshaanza na giza linaingia kabla sijatoka kazini. Uniwie radhi kwa ukimya wa miezi mitatu. Nilikuwa nimepanga kukuandikia kwa utulivu mwisho wa mwezi, lakini ujumbe wako wa Alhamisi, uliosema kwamba prodyuza amekushauri uzifute zile nyimbo sita ulizozirekodi chumbani kwako ili muanze upya kwa ngoma na kinanda, umenikosesha usingizi siku mbili. Nakusihi, kabla hujafuta chochote, uisome barua hii hadi mwisho.

Kilichoniuma zaidi ni neno moja. Umeandika kwamba amesema sauti yako ni ndogo, na kwamba msikilizaji ataisikia kama sauti ya mtu anayeogopa. Nimelisoma neno hilo mara nyingi, na kila nikilisoma linanirudisha kwenye santuri ambayo nimekuwa nikiisikiliza tangu Septemba, ile niliyokudokeza kwamba niliipata katika duka la vitu vilivyokwisha kutumika. Ni ya Tracey Thorn, inaitwa A Distant Shore, na ilitoka mwaka 1982. Sikukueleza vizuri siku ile kwa sababu nilikuwa bado sijui nieleze nini. Nilikuwa nimeipiga mara moja tu, usiku, baada ya zamu, nikiwa nimevaa koti ndani ya nyumba, na ilipokwisha nikabaki nimekaa huku santuri ikizunguka bure.

Mwimbaji mwenyewe alikuwa msichana wa miaka 19, mwanafunzi wa fasihi ya Kiingereza katika chuo kikuu cha hapa hapa Hull. Kwao ni Hertfordshire, kaskazini mwa London, na tayari alikuwa na kundi la wasichana wenzake lililoitwa Marine Girls, kundi ambalo halikuwa na mpiga ngoma hata mmoja. Albamu hii aliirekodi peke yake huko Ilford, katika banda la bustani ambalo fundi aitwaye Pat Bermingham alikuwa amelifanya studio. Nasema banda, Rehema, la aina ile ambayo watu wa huku huhifadhia majembe na baiskeli. Zilitoka nyimbo nane tu, mmoja wao aliuazima kwa The Velvet Underground, kundi la New York, na kampuni ya Cherry Red ikazitoa. Ukizisikiliza utakuta gitaa, sauti yake, na mahali pachache sauti yake hiyo hiyo imewekwa juu ya sauti yake kama mtu anayejiitikia. Ngoma hakuna. Jina la albamu maana yake ni pwani ya mbali, na nyimbo mbili nazo zina majina ya bahari, na ndiyo maana mtu wa Tanga hawezi kuzipita hivi hivi, ingawa bahari yao ni ya kijivu na haina mnazi hata mmoja.

Jambo ambalo nataka ulijue kuliko yote ni hili. Katika kitabu cha maisha yake, Bedsit Disco Queen, kilichotoka mwaka 2013, ameeleza kwamba mara ya kwanza alipoambiwa aimbe mbele ya wenzake wa kundi la kwanza alilojiunga nalo, aliona haya mno hata akaingia ndani ya kabati la nguo na kuimba akiwa humo. Niliposoma habari hiyo nilikukumbuka wewe papo hapo, ukiimba jikoni kwenu umetupa mgongo, ukitazama dirishani, na sisi tukijifanya hatusikilizi ili usinyamaze. Aibu ile haikumtoka. Aliacha kuimba mbele ya watu mwaka 2000, akakaa miaka mingi bila kupanda jukwaani, na baadaye akaandika kitabu kizima kuhusu sauti na hofu ya kuimba. Lakini hakuna aliyemwambia azifute nyimbo zile za bandani, au kama yupo aliyemwambia, alhamdulillahi hakumsikiliza.

Jana jioni nilifanya jaribio. Niliwaita Mama Salha, Kaka Juma na mkewe, pamoja na Hemedi, nikawapikia wali wa nazi, na baada ya kula nikazima taa kubwa na kuipiga santuri bila kueleza lolote. Wimbo wa kwanza ulipokwisha Kaka Juma aliuliza, "Ngoma zinaingia lini?" Nilimjibu kwamba haziingii. Alinitazama kama mtu aliyealikwa karamu akapewa maji. Katikati ya wimbo wa tatu, hata hivyo, alisimama kimya kimya, akaenda kufunga mlango wa jikoni kwa sababu friji ilikuwa inanguruma, kisha akarudi, asikae tena kitini, akaketi sakafuni karibu na spika. Hakusema neno hadi upande wa kwanza ukaisha. Hemedi, ambaye unajua kusifu kwake ni kwa kupimiwa, aliniomba nirudishe sindano ili asikie tena mahali ambapo vidole vinakwaruza nyuzi wakati mkono unahama. Alisema angekuwa yeye angeuondoa mkwaruzo ule, kisha akatafakari, kisha akasema hapana, asingeuondoa, kwa sababu ndio uliomwonyesha kwamba kuna mtu.

Mama Salha, ambaye Kiingereza chake ni cha sokoni, aliniuliza kama mtoto huyu ameachwa au ni yeye anayetaka kuacha. Sikuwa na jibu, maana nyimbo zenyewe zinayumba baina ya mambo hayo mawili. Halafu akatoa neno ambalo nimelibeba hadi sasa: "Huyu hata ukitaka kumtunza, utamtunzia wapi? Amejifungia ndani." Unajua jinsi alivyo mtu wa taarabu, jinsi anavyoinuka na noti yake mkononi mwimbaji akimgusa. Kwa wimbo huu hapana jukwaa la kuendea wala paji la uso la kubandika noti. Msikilizaji hana la kufanya ila kutulia, kama aliyesimama nje ya mlango akisikia mtu anaongea peke yake na kuogopa hata kukohoa. Nadhani huko ndiko kumsifu kwenyewe. Watu wanne walitulia robo saa nzima katika nyumba yangu, na mmoja wao ni mke wa Kaka Juma, ambaye sijawahi kumwona ametulia.

Sasa naomba radhi kwa jambo moja, nawe unihukumu utakavyo. Santuri ilipokwisha, niliwapigia wimbo wako wa tatu kutoka kwenye simu yangu. Sikuwaambia ni wa nani. Unajua mahali ambapo mama anakuita kutoka uani, nawe unanyamaza kidogo, gitaa likaendelea lenyewe, kisha ukarudi kwenye ubeti kwa sauti ya chini zaidi kuliko mwanzo? Mama Salha aliinua kichwa na kusema, "Huyo ni mama yake anamwita." Hakuna aliyemjibu. Wimbo ulipokwisha alitaka urudiwe, na uliporudiwa alisubiri mahali pale pale na kuitikia "Abee" kwa niaba yako. Ndipo nilipowaambia ni wewe, na Hemedi akasema kwamba alikuwa ameshakutambua kwa pumzi.

Kwa hiyo nikisoma kwamba mtu fulani anataka ufute sauti ya mama yako kwenye wimbo ule kwa sababu ni uchafu wa kurekodi, moyo wangu hauwezi kunyamaza. Mambo hayo hayarudiwi studio. Unaweza kuuimba wimbo ule vizuri zaidi mara mia, na kila mara ukakosa kuitwa.

Sitaki udhani kwamba nazichukia ngoma, wala kwamba nakuombea ubaki chumbani maisha yako yote. Tracey Thorn mwenyewe hakubaki bandani. Siku za mwanzo za masomo yake hapa alikutana na Ben Watt, naye mwimbaji wa Cherry Red, na wawili hao wakaanzisha Everything but the Girl, jina walilolichukua kwenye tangazo la duka la samani la Beverley Road, barabara ambayo basi langu hupita kila asubuhi. Mwanamuziki Paul Weller alimwita akaimba katika albamu ya kundi lake, The Style Council, ya mwaka 1984, na miaka kumi baadaye kundi la Massive Attack nalo likamwita. Wimbo wa Everything but the Girl uitwao "Missing" ulikuwa mpole kabisa ulipotoka mwaka 1994. Mwaka uliofuata Todd Terry wa New York akautia ngoma za disko, na ukafika namba 2 nchini Marekani. Usikilize tena ukipata nafasi. Ngoma zinatwanga, lakini sauti ni ile ile ya kabatini, haikupandishwa hata kidogo. Ngoma ndizo zilizomfuata alipo. Kama prodyuza wako yuko tayari kufanya kazi namna hiyo, basi mpe baraka zangu zote. Lakini mtu anayeanza kwa kukuambia ufute, nina shaka naye, na sijui kama...

Hapana, simjui, na si haki nimseme zaidi ya hapo. Nisemalo ni hili: kumbukumbu za simu ni kitu cha kupotea. Zinakili nyimbo zote sita mahali pawili, nitumie mimi pia nakala kamili zisizobanwa, nami nitazihifadhi hapa. Halafu nenda studio kama moyo wako unataka. Nyimbo mpya zisimame kando ya zile, zisije zikakalia makaburi yao.

Kuna mengi ninayotaka kujua. Je, prodyuza amekwisha kulipwa, au bado una nafasi ya kukataa? Ni wewe uliyesema sauti yako ni ndogo kwanza, naye akaitikia, au ni yeye aliyeanza? Mama amezisikia nyimbo hizi, na anajua kwamba yumo? Ule wimbo wa sita, ambao unakatika kabla ya kiitikio, ulikatika kwa sababu chaji ilikwisha au hukutaka kuendelea? Mwalimu Sefu anasemaje, au hujamwambia? Na gitaa bado ni lile lenye ufa ubavuni, au umelipeleka kwa fundi? Kama bado, usilipeleke kwanza hadi nikusikie.

Mama Salha anakusalimu na anasema umwitikie mama yako upesi. Kaka Juma anauliza kama kuna wimbo wa saba. Nijibu hata kwa mstari mmoja kabla ya Jumatano, kwa maana najua Alhamisi ndiyo siku mliyopanga.

Akupendaye,
Mwanaisha