Kubadili DNS si dawa ya kila intaneti nzito

Mhariri,

Safu yenu ya teknolojia wiki iliyopita ilitushauri tubadili DNS na kupakua programu ya kuongeza kasi, eti kompyuta inayotumia intaneti ya simu ipate mbio. Niruhusu nipinge. Mimi ni mfasiri, mkate wangu unapita kwenye intaneti ya simu, na hayo yote nilikwisha kuyajaribu.

Kazi ya DNS ni kutafuta anwani ya tovuti, basi. Ikijibu haraka, ukurasa utaanza kufunguka mapema kidogo, lakini faili la megabaiti 200 litashuka kwa mwendo uleule.

Ugonjwa wangu ulikuwa mwingine. Barua pepe zilisomeka vizuri, ila tovuti ya mteja wangu iliganda katikati, na kupandisha kazi iliyokamilika kulihitaji dua. Ajabu ni kwamba kwenye simu yenyewe tovuti hiyohiyo ilifunguka mara moja. Kumbe simu iliujua ukubwa wa pakiti (vifurushi vidogo vya data) unaokubalika kwenye njia yake, kompyuta haikuambiwa. Yenyewe iling'ang'ania baiti 1500 zilizozoeleka kwenye mitandao ya waya. Pakiti ikiwa kubwa mno, kifaa kilichoikataa njiani hutakiwa kurudisha taarifa. Taarifa hiyo ikizuiwa, unabaki kutazama kiduara kikizunguka.

Nikapima kwa ping, amri ya kutuma pakiti za majaribio, nikikataza pakiti zisikatwe vipande. Data ya baiti 1472 ikagoma. 1400 nayo ikagoma. 1372 ikapita. Ongeza baiti 28 za vichwa vya pakiti, yaani maelezo yanayotangulia data, unapata pakiti nzima ya 1400. Nikaiweka hiyo kuwa MTU ya kompyuta, yaani ukubwa wa juu wa pakiti zake, na tovuti ya mteja ikafunguka yote. Msomaji asiinakili 1400 yangu, apime njia yake. Wala kasi ya kupakua haikupanda hata chembe. Kilichoondoka ni kule kuganda.

Kasi yenyewe ililetwa na mambo ambayo naona haya kuyataja gazetini. Nilikuwa nimeunganisha kwa Bluetooth, miezi mingapi sijui. Nikahamia waya wa USB. Simu nikaitoa kwenye droo ya meza nikaiweka dirishani, na kipimo cha nguvu ya mawimbi kikatoka -112 dBm hadi -94 (kikikaribia sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi). Kisha nikaiarifu Windows kwamba muunganisho huu una kikomo cha data, ndipo masasisho mengi yakaacha kujishusha kimyakimya wakati natuma kazi.

Namwomba mwandishi wa safu arudi kwenye suala hili, safari hii atueleze kila mpangilio unatibu ugonjwa gani. Na kama anajua namna ya kuifuta kabisa programu ya aina ile aliyoisifu, anisaidie. Niliyoiweka mimi bado inanirushia matangazo kila niwashapo kompyuta.

Mfasiri, msomaji wenu wa kila wiki