Barua kwa Kabula: hodi ya insulini

Kabula mwanangu,

Huku Kirumba hatujambo. Mbalamwezi imeisha, dagaa wameanza kufika tena mwaloni, na mdogo wako anakuulizia kila jioni.

Barua yako imeniliza. Unauliza kwa nini kisukari chako kikulazimishe uchomwe sindano ya insulini kila siku wakati wenzako wanakula ugali wao na kwenda kulala. Matroni naye kanipigia, kasema juzi uliiruka sindano ya usiku. Basi nikaenda kliniki, nikamwomba daktari anieleze taratibu, nami nikueleze.

Sukari ya chakula huingia kwenye damu, lakini haijipenyezi yenyewe kwenye misuli. Kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula, ndilo hupeleka habari: seli zake ziitwazo beta hutoa insulini, nayo husafiri na damu mwili mzima. Seli ya msuli ina vipokezi kwenye ukuta wake wa nje. Insulini ikikigusa kipokezi, milango ya sukari iliyokuwa imefichwa ndani hupanda ukutani, sukari ikapita. Insulini haibebi sukari, mwanangu. Inabisha hodi tu. Na ini likiisikia hodi hiyo hiyo huacha kumwaga sukari yake kwenye damu.

Kwako, kinga ya mwili ilizishambulia seli beta ikidhani ni adui. Hukula kitu kibaya wala hukurogwa, waseme watakavyo majirani. Ndiyo maana ulikuwa unakunywa maji bila kukata kiu, unakonda, na zahanati ya kwanza ikakutibu malaria. Damu ilijaa sukari, seli zina njaa. Mwili ukaanza kuunguza mafuta yake, pumzi ikanukia kama matunda yaliyoiva mno. Harufu ile sijaisahau.

Zamani mtoto wa hali yako hakuishi. Januari 1922, huko Toronto, Kanada, mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alichomwa insulini iliyotolewa kwenye kongosho la ng'ombe. Aliishi miaka 13 zaidi. Ya kwako ni safi kuliko ile.

Ukitetemeka na kutokwa jasho darasani, hiyo ni adrenalini, kemikali ya mwili ya kushtua, inakuarifu sukari imeshuka. Usisubiri kengele wala usimwonee haya mwalimu, kunywa maji ya sukari papo hapo.

Friji ya matroni ikizimika, tia chupa ya insulini kwenye kikopo kikavu, ukiweke ndani ya chungu cha maji, kivulini. Chungu nimempa kondakta wa basi la asubuhi. Niandikie usiku huu umechoma saa ngapi.

Mama yako