Gesi Haijaisha, Imevuja

Simu nyingi tunazopokea huanza hivi: "Fundi, kiyoyozi hakipoozi, gesi imeisha, njoo uongeze." Gesi ya kupoozea haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka nenda miaka rudi, na ikipungua ujue kuna mahali imetoroka. Ndiyo maana hatuongezi gesi kabla ya kutafuta tundu. Na tukifungua mashine, gesi iliyobaki tunaivuta na kuihifadhi kwenye mtungi, hatuiachii hewani. Kazi hiyo inakula muda, na wapo wateja wanaoona tunawachelewesha bure.

Sababu ya kutoiachia hewani ilianza kujulikana mwaka 1974, wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walipoonya kuhusu gesi za jamii ya R-12, zilizotumika sana kwenye friji na makopo ya kupulizia. Gesi hizi ni imara mno: mvua haiziondoi, na huku chini hakuna kinachozivunja. Hupanda taratibu hadi kwenye tabaka la ozoni, na huko miale mikali ya jua huzipasua na kutoa klorini, ambayo huila ozoni inayotukinga sisi na miale hiyohiyo. Mwaka 1985 watafiti Waingereza waliokuwa wakipima hewa katika kituo cha Halley, Antaktika, walitangaza kwamba ozoni ya juu ya eneo lile ilikuwa ikipungua vibaya kila Oktoba.

Mkataba wa Vienna wa kuilinda ozoni ulikuwa umetiwa saini miezi michache tu kabla, lakini haukuwa na meno. Meno yalikuja na Itifaki ya Montreal, Septemba 16, 1987. Itifaki haikumnyang'anya mtu friji yake. Ilibana utengenezaji na biashara ya gesi zenyewe, hatua kwa hatua: nchi tajiri ziliacha kutengeneza R-12 kufikia 1996, zinazoendelea zikapewa hadi 2010, pamoja na mfuko wa kugharimia mabadiliko ya viwanda na mafunzo ya mafundi. Kwa maoni yetu, bila mfuko huo nchi nyingi zingesaini na kuishia hapo. Leo nchi zote za Umoja wa Mataifa zimo.

Sasa tuje kwenye R-22, gesi ya viyoyozi vingi vya zamani, inayowagusa wengi wenu. Madhara yake kwa ozoni ni madogo kuliko ya R-12, kwa hiyo iliruhusiwa kama gesi ya mpito, na mpito huo unafika mwisho. Nchi zilizoendelea ziliachana nayo 2020. Zinazoendelea zinapunguza hadi 2030, kisha kitabaki kiasi kidogo cha matengenezo mpaka 2040. Fundi akikuambia R-22 imekuwa adimu, hakudanganyi. Kila gramu inayopitia kwenye tundu ni ngumu kuirudisha.

Lakini usikubali mtu akujazie R-410A kwenye mashine ya R-22 eti ni gesi mpya na bora. Msukumo wake unazidi ule wa R-22 kwa zaidi ya nusu, na haipatani na mafuta ya kompresa ya zamani. Tumeshazika kompresa kadhaa zilizouawa hivyo, na inauma, kwa sababu zilikuwa bado nzima.

R-410A, na R-134a inayotumika kwenye friji nyingi, haziharibu ozoni, ila hunasa joto vibaya sana: kilo moja ya R-134a, kwa kipindi cha miaka 100, ni sawa na zaidi ya kilo 1,000 za hewa ya ukaa. Ndiyo sababu mwaka 2016 nchi zilikubaliana mjini Kigali kuzipunguza nazo.

Kabla ya kutupigia, tazama kibandiko nyuma au ubavuni mwa mashine, utusomee namba inayoanza na R. Ukikuta R-600a, tuambie mapema. Gesi hiyo ni salama kwa ozoni lakini inashika moto, kwa hiyo fundi atakuja na vifaa vyake maalum, na atakuomba ufungue madirisha kabla hajagusa bomba.